Maduka Makubwa na Daftari la Deni

Kimbiji iko pwani, kusini mashariki ya Dar es Salaam, mwendo wa zaidi ya kilomita 30 kwa mtu aliyevuka Magogoni kwa pantoni na kushika njia ya Mjimwema. Ni nchi ya minazi, mikorosho na ngalawa. Kwa miaka mingi ilihesabiwa katika wilaya ya Temeke; sasa ni kata katika wilaya ya Kigamboni. Maduka yake ni ya chumba kimoja, yenye dirisha la wavu wa chuma, ambamo sukari hupimwa kwa robo, mafuta ya kupikia humiminwa kwa kikombe kidogo, na sigara huuzwa mojamoja. Msomaji ana haki ya kuuliza mahali kama hapo pana ushahidi gani juu ya maduka makubwa, yale ya rafu ndefu na vigari vya kusukuma. Upo, tena mwingi. Maduka makubwa yamekuja katika pwani hii kwa zamu, kila moja kwa sura yake na madai yake, na kila yalipoondoka yaliliacha lile duka la dirishani likingali wazi. Kitu kilicholihifadhi, na gharama aliyoilipa mnunuzi kwa hifadhi hiyo, ni habari ya zaidi ya miaka mia moja.

"Mali bila daftari hupotea bila habari," husema wafanya biashara. Na katika duka la kijiji, daftari ni kitabu cha watu kuliko kitabu cha bidhaa. Mvuvi wa dagaa hutoka usiku wa giza akiwa na taa. Mbalamwezi ikitanda, dagaa hawaifuati taa, na chombo hulala ufukweni siku kadhaa. Wakati wa kusi bahari huchafuka, na hata mvuvi wa mshipi hukaa barazani akitazama mawimbi. Lakini watoto hawali kwa kufuata mwezi. Siku hizo nyumba huishi kwa unga na sukari ya kukopa, na jina la baba au la mama huandikwa dirishani. Mwenye duka anajua mwezi umefika siku ya ngapi. Anajua nani alipata na nani alikosa. Anamjua pia yule mwenye desturi ya kupita njia ya nyuma siku aliyo na fedha mkononi. Maarifa hayo ndiyo rasilimali yake, na si kitu kinachoweza kununuliwa kwa shehena.

Deni la namna hii ni la zamani. Katikati ya karne ya 19, Unguja ilipokuwa soko kuu la Afrika Mashariki, nyumba za biashara za Hamburg kama Hansing na O'Swald, na wafanya biashara wa Marekani walioleta kile kitambaa kilichopata jina la merikani, hawakuuza kwa dhiraa mojamoja. Walitoa mali kwa Wahindi wa jumla kwa ahadi ya kulipwa baada ya miezi. Mhindi wa jumla akampa mwenye duka la Bagamoyo au Pangani. Huyu akampa mwenye msafara au mwenye kibanda cha bara. Na kibanda kikamkopesha mwanakijiji kwa kungoja ufuta wake au sandarusi yake. Wafanya biashara wana jina lao kwa mali hiyo: mali kauli, yaani mali iliyotolewa kwa neno la mdomo. Fedha ilipanda ngazi ile ile polepole, kutoka shambani hata Hamburg, na mmoja akianguka, waliokuwa juu yake na chini yake wote walitikisika.

Katika ngazi hiyo ndimo alimopanda Allidina Visram, mtu ambaye maduka yake yalikuwa yametapakaa Afrika Mashariki kabla neno supamaketi halijasikiwa. Alizaliwa Kutch, Bara Hindi, mwaka 1851, akafika pwani hii akiwa kijana mdogo, akajifunza kazi Bagamoyo kwa Sewa Haji, tajiri yule ambaye sadaka yake ilijenga hospitali ya Dar es Salaam iliyobeba jina lake. Sewa Haji alikufa mwaka 1897. Wakati huo reli ya Uganda, iliyoanza Mombasa mwaka 1896, ilikuwa ikisogea bara, na Visram akaenda nayo, stesheni baada ya stesheni, akifungua maduka ya nguo, chumvi na shanga, na kupokea pembe, ngozi na baadaye pamba. Alipokufa mwaka 1916 maduka yake yalizidi mia.

Kuna tofauti kubwa baina ya matawi yale na matawi ya leo. Visram aliwaweka vijana kutoka kwao nyuma ya meza. Na wengi waliokwisha kuijua kazi walisimama wenyewe, wakaanza na mali kauli waliyoipata kwa tajiri yule yule. Nyumba kubwa ilikuwa kitalu cha maduka madogo. Tajiri hakuwa na haja ya kuwameza. Kadiri walivyokuwa wengi ndivyo mali yake ilivyouzika. Lakini mti wote ulikuwa na mzizi mmoja, nao ni imani ya watu kwa mtu mmoja. Mwanawe alimfuata kaburini mwaka 1923, na biashara ikatawanyika. Jina la mzee limebaki katika shule ya sekondari ya Mombasa.

Utawala wa Waingereza ulipokuja baada ya Wadachi, Dar es Salaam ilikuwa na sehemu tatu: Uzunguni kwenye ofisi na nyumba za Wazungu, Uhindini kwenye maduka, na Kariakoo, jina lililotokana na kikosi cha wapagazi wa vita, walipokaa Waafrika. Makampuni makubwa kama Smith Mackenzie yalishika bidhaa za ng'ambo na uwakala wa meli. Chini yao walikuwa Wahindi wa jumla. Chini ya hao, maduka ya rejareja ya Wahindi na Waarabu. Na mwisho kabisa Mwafrika mwenye genge la nazi na mkaa. Tangu miaka ya 1920 palikuwa na sheria ya kuzuia mikopo kwa wenyeji. Deni la Mwafrika kwa mtu asiye Mwafrika halikuweza kudaiwa mahakamani ila liwe limekubaliwa kwanza na ofisa wa Serikali. Nia iliyotajwa ilikuwa kumlinda mwenyeji asinyang'anywe mali yake, na hapana shaka wako waliolindwa. Lakini Mwafrika aliyetaka kufungua duka alijikuta hana mahali pa kupata mali kauli, maana mwenye ghala hakuwa na njia ya kumshitaki asipolipa. Mlango uliofungwa mbele ya mnyonyaji ulifungwa pia mbele ya mtu aliyetaka kujifunza biashara.

Aliyelisema jambo hili kwa sauti kubwa alikuwa mwenye duka. Erica Fiah, Mganda aliyefanya maskani yake Dar es Salaam, aliongoza mwaka 1934 kuundwa kwa chama cha Waafrika cha ustawi na biashara, na mwaka 1937 akaanzisha gazeti la Kwetu. Si ajabu kwamba gazeti lilitoka dukani. Mtu anayesimama nyuma ya meza kutwa nzima husikia manung'uniko ya mji kabla ya Bwana Shauri kuyasikia, na huona kwa macho yake bei ya kanga inapopanda wakati mshahara wa kuli umesimama pale pale.

Vita ya pili iliongeza ugumu. Leseni za kuingiza bidhaa zilitolewa kwa kutazama nani alikuwa akiingiza kabla ya vita, kwa hiyo aliyekuwa mkubwa alibaki mkubwa kwa hati ya Serikali, na asiyekuwamo hakuingia. Vitu vilipungua, bei zikapanda, na mwaka 1947 mgomo mkubwa ulianzia bandarini ukaenea. Watu wa Kimbiji na Mbwamaji, waliozoea kupeleka nazi na samaki mjini na kurudi na nguo, hawakuhitaji kusoma gazeti ili kuyajua hayo. Waliyaona katika urefu wa kitambaa walichorudi nacho.

Basi Uhuru ulipofika mwaka 1961, ilikuwa haki kabisa watu kutaka duka lililo lao. Mwaka 1962 kiliundwa chombo cha ushirika kilichojulikana kwa jina la Cosata, kikiwa na kazi ya kununua bidhaa kwa wingi na kuzigawa kwa maduka ya ushirika, bila kupita kwa Mhindi wa jumla. Mwaka ule ule, katika mji mdogo wa Rogers huko Arkansas, Marekani, Sam Walton alifungua duka lake la kwanza la Walmart. Mambo hayo mawili hayakujuana, lakini fikira iliyoyazaa ilikuwa karibu kufanana: nunua kwa wingi, ondoa mtu wa kati, shusha bei. Walton alikuwa na barabara za lami, wateja wenye motokaa na mabenki. Cosata ilikuwa na mameneja wachache, hesabu zisizokamilika, na maduka yaliyofunguliwa upesi kuliko watu walivyoweza kufundishwa kuyaangalia. Kabla ya miaka mitano kupita ilikuwa imekwisha kulemewa.

Mwezi Februari 1967, siku chache baada ya Azimio la Arusha, Serikali ilichukua makampuni makubwa ya biashara: Smith Mackenzie, Dalgety, Twentsche, Baumann na mengineyo, pamoja na Cosata yenyewe. Yote yakawekwa chini ya Shirika la Biashara la Taifa. Kwa mara ya kwanza nchi ilikuwa na duka moja kubwa kuliko lo lote lililowahi kuonekana, nalo lilikuwa mali ya wananchi. Likavunjwa baadaye, katika miaka ya 1970, na kila mkoa ukapata kampuni yake ya biashara. Haifai kudharau mambo yaliyofanywa. Bei za vitu vya lazima ziliwekwa sawa, na mara nyingine sukari ya bei ya mjini ilifika mahali ambapo mfanya biashara binafsi asingejisumbua kwenda. Kwa mara ya kwanza Mwafrika alikaa katika kiti cha meneja wa ghala.

Hata hivyo duka la Taifa halikujua kukopesha. Karani wa mshahara hawezi kumwandika mvuvi daftarini. Mali si yake, na mkaguzi akija atauliza fedha iko wapi. Kosa hilo la tabia, ambalo kwa kweli si kosa la mtu ye yote, halikuonekana sana wakati duka la Serikali na duka la dirishani yalipokuwa yakisimama pamoja. Lilionekana mwaka 1976.

Mapema katika mwaka huo ilianza Operesheni Maduka. Watu walikuwa wamekwisha kuhamishwa katika vijiji, na sasa ikaamriwa kwamba biashara ya rejareja vijijini ifanywe na duka la kijiji au la ushirika peke yake. Maduka ya watu binafsi yalifungwa katika sehemu nyingi za nchi. Waliofungiwa hawakuwa matajiri wa Uhindini. Wengi walikuwa Waafrika, wenye rafu tatu na gunia moja la chumvi, watu ambao miaka thelathini nyuma Fiah alikuwa akiwatetea. Na mengi katika maduka ya kijiji yaliyofunguliwa badala yao hayakuwa na mtaji, wala chombo cha kuletea mizigo, wala karani anayejua kujumlisha. Vijiji vikabaki bila chumvi wala kibiriti. Operesheni ikasimamishwa mwaka huo huo. Jambo la kustaajabisha ni kwamba katika mwaka ule ule wa 1976 Serikali ilivunja vyama vikuu vya ushirika, vile ambavyo vingaliweza kuyalea maduka hayo. Mkono wa kulia ulijenga nyumba, wa kushoto ukaondoa nguzo.

Daftari zilizofungwa siku zile zilikuwa na madeni ndani yake, na jambo hili halikutiwa katika hesabu za mkoa. Mwenye duka aliyefungiwa hakuwa na namna ya kuyakusanya. Kwa aliyekopa huenda ikaonekana ni bahati njema, mpaka msimu wa kusi ulipofika na hapakuwa na dirisha la kwenda kugonga.

Kisha vikaja vita vya Kagera vya 1978 na 1979, bei ya mafuta, ukame na upungufu wa fedha za kigeni. Mjini watu walipanga foleni alfajiri kwenye maduka ya kaya, kila mtu na kadi yake, kwa sabuni, unga na sukari. Mwenye jirani karani alipata; asiye naye alikwenda kwa mlanguzi. Mwaka 1983 Waziri Mkuu Edward Sokoine aliongoza msako wa wahujumu uchumi, na bidhaa zilizofichwa zikatupwa usiku, nyingine baharini, na watu walioogopa kukutwa nazo. Mwaka uliofuata, 1984, Serikali iliruhusu ye yote mwenye fedha za kigeni aingize bidhaa bila kuulizwa zilikotoka. Maduka yakajaa ghafula. Bei zilikuwa juu, lakini sabuni ilionekana.

Katika mlango huo uliofunguliwa ndipo duka dogo lilipopata uhai mpya, na ndipo mji ulipompa mwenye duka jina jipya. Wengi wa waliofungua maduka ya mitaani Dar es Salaam walikuwa Wachaga, na neno mangi, ambalo Kilimanjaro ni cheo cha mtawala, likawa jina la kumwita mtu ye yote aliyesimama nyuma ya wavu wa chuma, awe Mchaga au Mzaramo. Mtoto hutumwa "kwa Mangi" hata kama Mangi mwenyewe kwao ni Rufiji. Heshima ya namna hii haikupata kutolewa kwa meneja wa kampuni ya biashara ya mkoa.

Zamu ya tatu ya maduka makubwa ilianza mwanzoni mwa karne hii. Shoprite ya Afrika ya Kusini ilifika Dar es Salaam, na mwaka 2006 Mlimani City ilipofunguliwa watu walikwenda hata wasio na nia ya kununua, kutazama tu ngazi, taa na baridi ya ndani. Humo palikuwa pia na Game, duka la kampuni ya Massmart ya Afrika ya Kusini. Na mwaka 2011 Walmart ilinunua sehemu kubwa ya hisa za Massmart. Hivyo duka la Sam Walton lilifika Dar es Salaam miaka 49 baada ya Rogers. Kutoka Kenya zikaja Uchumi, iliyoanzishwa na Serikali ya huko katika miaka ya 1970, na Nakumatt, ambayo jina lake ni ufupisho wa duka la magodoro la Nakuru.

Palikuwa na hofu, na hofu hiyo ilikuwa na sababu. Katika miji midogo ya Marekani kuja kwa duka kubwa nje ya mji kulifunga maduka ya barabara kuu, moja baada ya jingine. Wakulima wa Tanzania walilalamika kwamba rafu za Shoprite zilijaa bidhaa za Afrika ya Kusini, hata matunda na mboga ambazo nchi hii inazo tele. Lakini mambo hayakwenda kama yalivyotazamiwa. Shoprite iliondoka mwaka 2014 na kuuza maduka yake matatu kwa Nakumatt. Uchumi ilifunga milango yake Tanzania mwezi Oktoba 2015. Nakumatt, iliyokuwa na matawi zaidi ya sitini katika nchi nne, ilianguka chini ya madeni ya mabilioni ya shilingi za Kenya, na mwezi Januari 2018 mahakama ya Nairobi iliiweka mikononi mwa msimamizi. Rafu za Dar es Salaam zilikuwa zimekwisha kubaki tupu. Game iliondoka mwaka 2022.

Sababu za kuanguka huko ni nyingi, na kila kampuni ina zake. Mojawapo inastahili kutazamwa kwa makini, kwa kuwa inalirudisha daftari mbele ya macho. Duka kubwa la rafu huuza kwa taslimu na kununua kwa deni. Mteja hulipa kabla ya kutoka mlangoni, lakini aliyeleta maziwa, mayai au mchele hungoja miezi. Fedha ya yule anayengoja ndiyo inayojenga tawi jingine. Wakati Nakumatt na Uchumi zilipoanguka, waliobaki na hati za madai mikononi walikuwa wenye viwanda na wakulima waliopeleka mali, na wafanyakazi waliokuwa wakidai mishahara. Duka la dirishani hufanya kinyume chake. Hununua Kariakoo, aghalabu kwa taslimu, na huuza kwa deni. Kubwa hukopa kwa wadogo. Dogo huwakopesha walio wadogo kuliko lenyewe. Ni vigumu kufikiri namna mbili za biashara zilizo mbali zaidi moja na nyingine, ingawa zote huitwa duka.

Hiyo ndiyo sababu duka la Mangi halikufa. Mtu anayepata ujira wake kwa siku hanunui unga wa mwezi, na mtu asiye na jokofu hanunui nyama ya wiki. Nauli ya kwenda Mlimani na kurudi hula faida yote ya bei nafuu. Waliokwenda kujaza vigari walikuwa wenye mishahara na motokaa, nao walikuwa wachache kuliko makampuni yalivyodhani.

Walakini haitakuwa haki kumfanya mwenye duka dogo malaika. "Kukopa harusi, kulipa matanga," husema methali, na matanga hayo yamo ndani ya bei. Kilo ya sukari iliyonunuliwa robo robo ina gharama kuliko kilo nzima, na ya kukopa mara nyingi ina gharama kuliko ya taslimu, ingawa nyongeza hiyo haiandikwi po pote. Katika pwani ya minazi imekuwa desturi ya zamani mdaiwa kuuza nazi zingali mtini, kwa bei ya shida. Na aliyenunua mara nyingi alikuwa ndiye mwenye daftari. Pengine mizani huwa na kidole. Mwenye duka naye ana hasara zake: ndugu wasiolipa, na mdaiwa aliyehamia Mbagala bila kuaga. Maduka mengi ya chumba kimoja hufungwa kimya kimya kwa sababu daftari ilijaa na rafu ikabaki wazi. Uhusiano huu una huruma ndani yake na una ukali ndani yake, na wanaoishi nao wanavijua vyote viwili.

Mabadiliko yaliyoigusa Kimbiji kuliko supamaketi yo yote yalikuja kwa njia nyingine. Mwezi Aprili 2016 daraja la Kigamboni lilifunguliwa, na mzigo wa kutoka Kariakoo haukulazimika tena kungoja pantoni. Soko la Kariakoo lenyewe, ambalo jengo lake la miaka ya 1970 lilibuniwa na msanifu Beda Amuli, liliungua mwezi Julai 2021. Lakini mitaa iliyolizunguka ndiyo ghala halisi la nchi, na mwezi Mei 2023 wafanya biashara wake walipofunga maduka kwa malalamiko ya kodi, wenye maduka ya vijijini nao walikwama. Ukubwa wa Kariakoo ni wa aina ya Visram kuliko ya Walton. Ni maelfu ya meza, na mali kauli hupita kati yake mpaka leo.

Jambo lililo zito zaidi ni kwamba sasa wakubwa wamejifunza kushika daftari. Huduma ya kupeleka fedha kwa simu ilipoanza Tanzania mwaka 2008, mwenye duka dogo aliipokea kwa furaha. Akawa wakala, akapata kamisheni, na dirisha lake likawa kama benki ya kijiji. Mwaka 2014 ikaja M-Pawa, akiba na mkopo mdogo ndani ya simu, na baada yake mikopo ya namna nyingi. Mvuvi asiye na fedha siku za mbalamwezi anaweza leo kukopa bila kumwamkia mtu ye yote. Faida yake ni dhahiri: hakuna kidole katika mizani, wala jirani anayesikia. Lakini mkopo wa simu una tarehe, na tarehe hiyo haikupangwa kwa kutazama bahari. Baadhi ya wakopeshaji walifanya mabaya zaidi, wakawatumia jamaa na marafiki wa mdaiwa habari za deni lake ili kumtia aibu. Na mwezi Novemba 2024 Benki Kuu ilizipiga marufuku programu 69 za mikopo zilizokuwa zikifanya kazi bila leseni. Mwenye duka wa kale naye alijua kutia aibu. Ila yeye alipaswa kukaa katika kijiji kile kile na mtu aliyemwaibisha, kusali naye na kumzika mamaye, na jambo hilo lilimfunga mdomo mara nyingi.

Mwezi Julai 2025 Serikali ilitoa amri ya kuwakataza wasio raia kufanya biashara za namna 15, na miongoni mwake ni biashara ya jumla na rejareja na uwakala wa fedha za simu. Kelele nyingi zilikuwa zimepigwa Kariakoo juu ya wageni waliouza rejareja bega kwa bega na wenyeji, na amri ilipokewa kwa shangwe. Ndani yake mliwekwa nafasi: supamaketi hazikuhusika. Mgeni haruhusiwi kukaa nyuma ya dirisha la wavu, lakini mlango wa rafu ndefu uliachwa wazi kwake. Kwa kutazama mambo ya 2014 hata 2022, mtu anaweza kusema nafasi hiyo haina hatari kwa Mangi. Lakini Kigamboni inajaa nyumba mwaka hadi mwaka, na wenye mishahara na motokaa, ambao makampuni yale yaliwatafuta bila kuwapata wa kutosha, sasa wanajenga upande huu wa bahari.

Wakati huo huo mbalamwezi hupungua Kimbiji kama ilivyopungua siku zote, na giza likirudi vyombo hutoka na taa zake. Asubuhi dagaa hutandazwa juani. Mwanamke hufika dirishani na noti zilizokunjwa katika pindo la kanga, mwenye duka hufungua ukurasa, huukata mstari mmoja kwa kalamu, na kabla hajafunga daftari huulizwa kama mchele upo.